Kuku wa Hospitali ya Batavia

Katika jiji la Jakarta, nchini Indonesia, iko hospitali kubwa ya jeshi iitwayo Gatot Soebroto. Zamani, Waholanzi walipoitawala nchi hiyo, mji uliitwa Batavia, na mtaa huo Weltevreden. Hapo ndipo kuku walipomfundisha daktari jambo asilolipata vitabuni.

Siku zile askari na wafungwa wengi walikufa kwa beriberi, ugonjwa ulegezao miguu na kuudhoofisha moyo. Daktari Christiaan Eijkman, aliyesimamia maabara ndogo hospitalini hapo tangu mwaka 1888, aliamini kuwa ugonjwa huo huletwa na vijidudu. Aliwadunga baadhi ya kuku vitu vilivyotoka miilini mwa wagonjwa, na wengine akawaacha ili awalinganishe. Mwaka 1889 kuku wakaanza kupepesuka, kuanguka na kufa. Lakini waliodungwa na wasiodungwa waliugua sawasawa. Kisha waliosalia wakapona, wala hawakupewa dawa yo yote.

Sababu ilionekana jikoni. Mtumishi wa maabara, kwa kubana matumizi, alikuwa akiwalisha makombo ya wali mweupe wa hospitali. Alipokuja mpishi mpya, alikataa wali wa askari kuliwa na kuku wa raia. Basi kuku wakarudishiwa mchele wa bei nafuu, wenye wishwa wake. Eijkman alipojaribu kwa makusudi, mchele mweupe uliwaugua kuku, na wishwa ukawaponya.

Je, wanadamu nao? Daktari Adolphe Vorderman alichunguza magereza 101 ya Java. Katika magereza 37 yaliyopika mchele wenye wishwa, beriberi ilionekana katika moja tu. Katika 51 yaliyopika mchele mweupe, ilionekana katika 36.

Hata hivyo Eijkman alidhani kuwa mchele mweupe una sumu, na wishwa ni dawa ya sumu hiyo. Gerrit Grijns, aliyeshika kazi yake, ndiye aliyeeleza mwaka 1901 kuwa hapana sumu, bali kuna kitu cha lazima kilichopungua. Mwaka 1926 Jansen na Donath walikitenga kitu hicho katika mji ule ule. Leo huitwa vitamini B1. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kwa hiyo watunzao panya na sungura wa uchunguzi huchagua chakula kwa uangalifu mkubwa. Hutaka kujua kilichomo, hukipima, hukiandika, wala hawakibadili katikati ya kazi. Maana chakula kikibadilika kwa siri, mnyama hutoa ushahidi wa uongo.

Mfugaji naye ana fundisho hapa. Abadilishaye pumba na dawa siku moja, kuku wakipona, hatajua ni kipi kilichowaponya. Na mwaka ujao atanunua dawa bure.