Chenga za Mahindi na Kamba wa Nazi: Chakula cha Nyumbani Kwetu Durban



Katika kurasa hizi tumekwisha kuandikiana mengi juu ya biriani, bokoboko, halua na kahawa ya tangawizi. Leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya chakula ambacho wengi wenu mlioko Maskati, Dubai na London hamkuzoea kukiona kwenye sinia: chenga za mahindi zilizopikwa kwa tui, juu yake wakamiminwa kamba pamoja na mchuzi wao. Hapa Durban, nyumbani kwangu, chakula hiki hupikwa jioni za baridi za Juni na Julai, na hupikwa pia siku ambayo mtu amerudi mazikoni au ametoka hospitali. Hakihitaji meno wala nguvu. Hushuka chenyewe, na mtu akalala.

Mpwa wangu aliyehamia Marekani aliponitumia picha ya sahani aliyoagiza mkahawani, nilidhani ni chakula cha mke wangu. Huko chenga hizi huitwa grits, na kamba juu ya chenga ni chakula cha pwani ya South Carolina na Georgia, pande za Charleston na visiwa vya jirani. Chenga zenyewe Wazungu walijifunza kwa wenyeji wa asili wa Amerika. Mikono iliyopika ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani, ambao vizazi vyao huitwa Wagullah na mpaka leo wana lugha yao. Kwa muda mrefu kilikuwa chakula cha asubuhi cha watu wa pwani. Katika miaka ya 1980 mpishi Bill Neal alikiingiza katika mkahawa wa Crook's Corner, mjini Chapel Hill, North Carolina. Mwaka 1985 gazeti la New York Times likakieneza, na tangu hapo kikapata heshima na bei yake. Wao hutia siagi na jibini, na wengi hutia nyama ya nguruwe. Sisi hutia nazi. Mengineyo yanafanana sana.

Nilifanya kazi ya ukarani bandarini, kwanza Mombasa kisha hapa Durban, na maisha yangu yote nimeyapitisha juu ya orodha za shehena. Katika orodha hizo mzigo hutajwa kwa bandari uliyopakiwa. Yawezekana umelimwa mbali sana bara, kwa mkono wa mtu ambaye hajapata kuiona bahari, lakini karatasi haijui shamba, inajua bandari. Mahindi yenyewe yana hadithi hiyo hiyo. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliotangulia kuyaleta pwani zetu, lakini jina tulilowapa wajukuu zetu lina harufu ya India. Waturuki huyaita kwa jina la Misri, na Wataliano huyaita nafaka ya Kituruki. Kila watu wameyaita kwa jina la upande walikodhani yametoka. Kamba nao wana lao: Wareno walipofika mto Wouri, huko Afrika ya Magharibi, waliuita mto wa kamba, na ndipo nchi ya Kamerun ilipopata jina lake. Mambo haya nayataja mapema kwa sababu nitayarudia, na si kwa ajili ya mahindi.

Sasa upishi. Kwa watu wanne, chukua kikombe kimoja cha chenga za mahindi meupe. Hapa Durban huuzwa madukani kwa jina la mchele wa mahindi, na Wahindi wa mji huu wanazijua vizuri, kwani wakati wa Vita Kuu ya Pili, mchele wa Burma ulipokatika, ndizo zilizoshika nafasi ya wali. Zioshe mpaka makapi yaelee na kumwagika, kisha ziroweke usiku kucha. Unga haufai kwa chakula hiki. Utapata uji au ugali, na vyote viwili ni vyema mahali pake, lakini si hiki.

Kamba nusu kilo, wenye vichwa. Mimi huwanunua soko la Victoria Street, asubuhi na mapema. Wako wa kutoka kingo za Thukela, kaskazini ya Durban, na wako wa kutoka Msumbiji, ambao wazee wa mji huu bado huwaita kwa jina la zamani la Maputo. Wamenye, uwatoe ule uzi mweusi wa mgongoni, uwatie chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichopondwa. Maganda na vichwa usivitupe: vikaange kwa mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu, mimina vikombe vitatu vya maji, viache vichemke kwa dakika 20, kisha uvichuje. Maji hayo ndiyo yatakayopikia chenga, pamoja na kikombe kimoja cha tui jepesi.

Chenga hupikwa kwa moto mdogo kwa dakika 40 au zaidi, na mwiko usitoke mkononi kwa muda mrefu, kwani zikishika chini hazisameheki. Zikiiva huwa laini, lakini ulimi bado huihisi kila chembe. Hapo ndipo unapotia tui zito, chumvi, na kuiteremsha sufuria.

Katika kikaango, kaanga kitunguu maji mpaka kilainike, tia tangawizi, nyanya moja, bizari ya manjano kidogo na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Kamba huingia mwisho. Mke wangu hana saa jikoni, na mimi sina jicho lake, kwa hiyo nimejipatia kipimo cha chuoni: kamba akijikunja mfano wa herufi ya dali, ameiva, akijifunga mpaka akawa duara kama ha, umemchelewesha na atakuwa mgumu. Mimina juu ya chenga, kamulia ndimu, na mle kingali moto.

Upishi huu mimi sikuukuta kwetu. Nilizaliwa Malindi, Unguja mjini, katika nyumba ya Waarabu-Waswahili. Chuoni nilisoma Kurani na Kiarabu, skuli nikasoma Kiswahili, na nyumbani neno chakula lilikuwa na maana ya wali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele ulipoadimika na watu wakapanga foleni, bibi yangu alisonga ugali kama wengine, lakini aliufunika kwa kawa tangu jikoni hadi ukumbini ili mgeni yeyote atakayepiga hodi asiuone. Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza. Watoto huelewa mambo hayo bila ya kuambiwa: wali ulikuwa wa waungwana, na mahindi yalikuwa ya watu wa shamba na wa bara, na katika maneno hayo mawili, shamba na bara, mlikuwa na neno la tatu ambalo halikutamkwa.

Mke wangu amezaliwa Durban, na jina la watu wake katika mji huu ni Wazanzibari. Nilipohamia hapa na kuambiwa kwamba wako Wazanzibari Chatsworth, nilikwenda kuwatafuta kwa furaha ya mgeni aliyesikia habari za jamaa. Nilikuta Waislamu wema, wenye maneno ya Kiswahili ya hapa na pale, na wazee waliozungumza lugha ambayo sikuijua. Ilikuwa Kimakua, lugha ya kaskazini ya Msumbiji.

Habari yao ni hii. Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini. Watu waliookolewa hawakurudishwa kwao. Kuanzia mwaka huo hadi 1880, mamia kadhaa, wengi wao Wamakua, walipelekwa koloni ya Natal na kushushwa bandari ya Durban. Koloni ilitaka wafanyakazi, na watu hao waliwekwa chini ya mikataba ya kazi, kama Wahindi waliokuwa wakiletwa tangu 1860 kulima miwa. Kwa kuwa walipitishwa Unguja na mamlaka iliyowaleta ilikuwa Unguja, waliandikwa Wazanzibari. Karatasi ilijua bandari, shamba haikulijua.

Mwishoni mwa karne ile, wadhamini wa msikiti wa Juma wa Grey Street waliwapatia ardhi King's Rest, kwenye kilima cha Bluff, ng'ambo ya ghuba. Wakajenga hapo, wakavua, wakazika wafu wao. Bibi mzaa mama wa mke wangu alikuwa akisema kwamba sima ya wazee wao huko Makuani ilikuwa ya muhogo, na kwamba mahindi waliyakuta Natal. Kamba na nazi waliwajua tangu kwao. Hivyo ndivyo sahani hii ilivyozaliwa kwao: mahindi ya nchi waliyoletwa, na bahari waliyotoka nayo.

Kisha ikaja serikali ya ubaguzi wa rangi, na makarani wake. Wazanzibari wa Durban waliandikwa kwanza pamoja na Waafrika, kisha wakahamishwa kwa kalamu na kuwa "Waasia Wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi, waliondolewa Bluff wakapelekwa Chatsworth, mji wa Wahindi, mbali na bahari. Mama mkwe wangu alikuwa mwari wakati huo. Alisema kwamba kitu cha kwanza walichokipoteza ni kamba wa bure.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka jana binti yetu aliposwa. Kijana ni wa jamaa zetu wa Maskati, na ami yake, mtu mzima mwenye heshima zake, alisafiri na mkewe kuja kutuona. Kabla hawajafika, jamaa mmoja alinipigia simu kunipa nasaha. Wageni wangetaka shajara ya nasaba, na upande wangu haukuwa na tatizo. "Na upande wa mama," akasema, "andika Mzanzibari, basi. Hutakuwa umesema uongo."

Kweli, nisingekuwa nimesema uongo. Neno hilo limo katika kila karatasi ya watu wa mke wangu kwa karne moja na nusu. Hapo ndipo nilipofahamu jinsi neno la kweli linavyoweza kufanya kazi ya kawa.

Siku ya kwanza mke wangu aliwapikia wageni biriani. Siku ya pili ilikuwa baridi, na bila ya kuniuliza alibandika chenga. Niliingiwa na wasiwasi, sitaficha. Lakini aliitandika supra na kuiweka sinia katikati, wazi. Ami alikula kimya, akaongezewa, kisha akauliza: "Bibie, hiki ni chakula cha wapi?"

"Cha kwetu, ami," mke wangu akajibu. "Sisi ni Wamakua. Wazee wetu walitolewa katika jahazi la watumwa wakashushwa hapa. Zanzibar ni jina tulilopewa."

Alisema kwa Kiswahili alichojifunza kwangu, taratibu, asije akakosea neno. Mzee yule alinawa mikono, akakaa kitambo. Kisha akaniambia mimi, si yeye: "Mama mzaa babu yangu alikuwa suria. Katika shajara yetu pahala pake pameandikwa umm walad. Jina halimo. Kabila halimo." Hakuongeza neno, na mkewe akabadilisha mazungumzo.

Usiku ule niliiandika shajara kwa khati ya Kiarabu niliyofundishwa chuoni. Upande wa mke wangu niliandika majina yote aliyoyakumbuka, kizazi hadi kizazi, na juu kabisa, ambako majina yamekwisha, nikaandika: Mmakua, aliyekombolewa baharini, akashushwa bandari ya Natal, wakaazi wa King's Rest, kisha Chatsworth. Mke wangu aliisoma tafsiri yake, akasahihisha jina moja la bibi yake, akanirudishia. Asubuhi ami aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja na kuitia katika mfuko wa ndani. Ninapoandika haya, jibu la ukoo wake bado halijafika. Binti yetu anasema kwamba likija la kheri atashukuru, na likija jingine hataki karatasi ibadilishwe. Rai yangu ni hiyo hiyo.

Jamaa zangu, shajara zetu nyingi zimejaa majina ya akina baba, na mahali pa mama pana nafasi nyeupe au neno moja. Wapo bado wazee wa kuulizwa. Msianze kwa kuwauliza kabila, kwani swali hilo huwafunga vinywa. Waulizeni bibi zao walipika nini nyumbani, siku ambazo hapakuwa na mgeni. Andikeni mtakachoambiwa, na mkipenda, nitumieni nami nikisome.

Wasalaamu alaykum.