Gereji ya ndoto Vingunguti: Kijana wako angechagua pikipiki zipi?

Vingunguti, jijini Dar es Salaam, inajulikana zaidi kwa machinjio na mnada wa mbuzi. Lakini mgeni anayeingia mtaani akitokea Barabara ya Nyerere, upande wa viwandani, anapokewa kwanza na pikipiki. Zimepangwa kwenye kona, zimeegeshwa mbele ya maduka ya vipuri, na nyingine zimefunguliwa injini chini ya mwembe huku fundi akiwa amepakwa oili hadi kwenye viwiko.

Huku pikipiki ina kazi tangu alfajiri. Nyama inapotoka machinjioni, kuna inayofika buchani ikiwa kwenye sanduku nyuma ya pikipiki. Kukikucha, vyombo hivyohivyo vinawahisha watu viwandani, Buguruni, Tabata na Kariakoo. Nyumba nyingi hazifikiki kwa gari kwa sababu ya vichochoro, hivyo mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, mara nyingi anayepigiwa simu kwanza ni bodaboda.

Ndiyo maana si ajabu kijana wa Vingunguti akiota pikipiki. Kijiweni abiria wakiwa wachache, mada haikosekani: kama fedha isingekuwa tatizo, ungeweka pikipiki zipi kwenye gereji yako? Mzazi akitega sikio, majibu hayo yatamwambia mengi kuhusu mtoto wake.

Ya kulisha nyumba

Nafasi ya kwanza, wengi huipa Boxer. Inatengenezwa na kampuni ya Bajaj ya Pune, India, ileile iliyozipa bajaji za magurudumu matatu jina lake. Mshindani wake mkubwa ni TVS, nayo ya India. Zipo pia za Kichina, ambazo bei yake ya kununulia huwa ya chini.

Sifa ya pikipiki hizi haiko kwenye mbio. Zina kiti kirefu, zinawaka kwa kiki betri ikifa, na kipuri chake kinapatikana karibu kila kona. Kwa mtu anayekula kwa siku, pikipiki iliyolala gereji wiki nzima ikisubiri kifaa ni njaa.

Ukubwa wa injini nao ni hesabu. Ya 100 au 125 hunywa mafuta kidogo na inatosha kwa abiria mmoja wa mjini. Ya 150 ina nguvu ya kubeba mzigo na kupanda vilima, lakini itadai zaidi kituo cha mafuta. Kijana anayejua tofauti hiyo ameshaanza kufikiri kama mfanyabiashara.

Ya wazee

Baadhi ya wazee wakiulizwa watataja Honda na Yamaha ndefu zilizokuwa zikiendeshwa na mabwana shamba na wauguzi wa vijijini, au Vespa, chombo cha Kiitaliano kilichoanza kutengenezwa mwaka 1946.

Katika kundi hili, yenye historia kubwa kuliko zote ni Honda Super Cub. Ilitoka Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ndogo ya 50, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo cha injini duniani kilichotengenezwa kwa wingi kama huo. Haikushinda kwa kelele wala kwa mwendo. Ilishinda kwa sababu ni nyepesi, haisumbui, na mtu wa kawaida aliweza kuimudu.

Ya sifa

Halafu lipo lile dude ambalo kijana ameliona kwenye simu tu. Mara nyingi ni Kawasaki Ninja, Yamaha R1 au Suzuki Hayabusa. Hayabusa, jina la Kijapani la ndege kozi, ilitoka mwaka 1999 ikiwa na uwezo wa kukaribia au kuvuka kilomita 300 kwa saa. Sheria ya Tanzania inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi.

Kuota dude hilo si dhambi. Shida inaanza kijana anapopanda Boxer ya kazi akiwa na kichwa cha Hayabusa. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) zinawajua vijana wa aina hiyo. Mzazi akisikia mwanawe anasifia mwendo tu, asikimbilie kununua. Ampeleke kwanza chuo cha udereva, na leseni itangulie chombo.

Isiyo na moshi

Wengine sasa wanaongeza pikipiki ya umeme. Kigali, nchini Rwanda, kampuni ya Ampersand imejenga vituo ambako dereva anaacha betri iliyoisha na kuondoka na iliyojaa kwa dakika chache. Kabla ya kununua chombo cha aina hii, maswali ni mawili: betri itachajiwa au kubadilishwa wapi, na ikichoka, mpya ni shilingi ngapi?

Kutoka ndotoni hadi mkataba

Kijana asiye na mtaji huingia barabarani kwa mkataba. Mwenye fedha ananunua pikipiki, kijana anapeleka hesabu, na muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Ni njia iliyowatoa wengi, lakini inataka kalamu na karatasi.

Chukulia mfano wa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 52. Jumla ni shilingi 3,120,000. Weka kiasi hicho kando ya bei ya dukani ya pikipiki ileile, na tofauti yake ndiyo gharama ya kukosa fedha taslimu. Kisha uliza: siku ya ugonjwa hesabu inadaiwa? Tairi na matengenezo ni ya nani? Ikiibwa mwezi wa 11, kijana amepoteza kila kitu?

Swali la wizi lina uzito wake. Bima ndogo hulipa madhara aliyopata mtu mwingine. Hairudishi pikipiki iliyoibwa. Familia iliyochukua mkopo wa kausha damu au kuuza kiwanja ili kununua chombo inaweza kubaki na deni bila pikipiki.

Kwa anayenunua ya mkononi, ahakikishe namba za injini na fremu zinafanana na za kwenye kadi, na umiliki uhamishwe TRA kabla fedha yote haijatoka mfukoni. Moshi wa bluu kwenye ekzosi unaonyesha injini inakula oili. Usukani unaovuta upande mmoja huenda ukawa dalili kwamba chombo kimeshaanguka vibaya.

Kaeni mezani

Wazazi wengi hulimaliza jambo hili kwa neno moja: "Hapana." Kijana naye humaliza kwa kuchukua pikipiki ya rafiki kwa siri, bila leseni wala kofia ngumu. Hofu ya mzazi ni ya haki, ila ukimya hauipunguzi.

Bora mama au baba amwambie mwanawe, awe wa kiume au binti, ataje pikipiki tano za ndoto yake na sababu ya kila moja. Akitaja vipuri, mafuta na faida, kuna mazungumzo ya kazi ya kuendelea nayo. Akitaja mlio na mbio, kuna mazungumzo mengine yanayotakiwa kufanyika kwanza.

Hatimaye kwenye gereji halisi inaingia moja tu, nayo iwe na kofia mbili, ya dereva na ya abiria. Kabla ya kwenda kwa muuzaji, mzazi na kijana wapite kwa fundi wa mtaani wamuulize swali hili: "Ni pikipiki gani unaitengeneza mara chache, na ikiharibika inatengenezeka kwa bei ndogo?" Jibu lake halina tangazo, kwa kuwa yeye hauzi hata moja.