Reli Hutandikwa Mara Moja

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wale waliofika kwenye maonyesho ya shule muhula wa pili mwaka jana bila shaka wangali wanaikumbuka meza kubwa iliyokuwa katika stoo ya zamani nyuma ya maabara. Juu yake palikuwa na milima, minazi, na treni ndogo iliyojizungusha kitanzi hadi ikapita juu ya njia yake yenyewe. Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali mawili tu: "Mlinunua wapi?" na "Iligharimu pesa ngapi?" Mhariri ameniomba nijibu. Nitajibu, lakini nataka niseme pia jambo ambalo hakuna aliyeuliza.

Treni yenyewe hatukununua. Mjomba wangu ni baharia, na katika safari zake aliuziwa kwa bei ya kutupa sanduku lenye injini moja ya umeme, mabehewa matano, transfoma ya volti 12, na vipande kumi vya reli vinavyopindika, kila kimoja yadi moja, yaani sentimita 91. Aliponikabidhi alisema, "Haya, mpwa wangu, wewe na Fizikia yako." Nikaipeleka shuleni. Wenzangu wanne wa Kidato cha Tatu wakajiunga nami, na kazi ikaanza.

Swali la kwanza lilikuwa: tutengeneze reli ya wapi? Mwalimu wa Hisabati alipima upana kati ya reli mbili akapata milimita 16.5. Reli ya zamani ya kutoka Mombasa ina upana wa mita moja kamili. Gawanya, utaona kwamba kila kitu mezani petu kilipaswa kuwa kidogo mara sitini hivi kuliko kitu halisi. Reli mpya, ambayo abiria wa Mombasa na Nairobi wameitumia tangu 2017, ni pana zaidi, milimita 1,435. Kwa hivyo hesabu ilituamulia: yetu itakuwa reli ya zamani. Na katika reli ya zamani, sisi watu wa Pwani tulijua pa kuchagua. Hapa Mazeras, reli hiyo ilipoanza kupanda kutoka baharini kwenda bara, ilibidi ijizungushe kama nyoka aliyejikunja ili ipate kimo.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba waliojenga kati ya 1896 na 1901, kutoka Mombasa hadi Kisumu, hawakuwa watu wa mchezo. Garimoshi haliwezi kupanda kama mbuzi. Sisi tuliamua kwamba reli yetu ipande sentimita 2 kwa kila mita. Daraja lilihitaji kuwa juu ya njia ya chini kwa sentimita 10 ili mabehewa yapite bila kugusa. Piga hesabu mwenyewe: ili upande sentimita 10 unahitaji mita 5 za reli. Ukizikunja mita 5 ziwe duara, duara hilo lina upana wa karibu mita 1 na sentimita 60. Plaiwudi moja haikutosha. Tulipata mbili kutoka kwa fundi aliyekuwa amemaliza kutengeneza bweni, tukaziunganisha ubavu kwa ubavu.

Chini ya duara tulisimamisha nguzo fupi 20, moja kila baada ya sentimita 25, kila moja ikiizidi ile iliyotangulia kwa nusu sentimita. Kazi hiyo ya nguzo tu ilitumaliza Jumamosi mbili. Juu ya nguzo tukaweka ubao mwembamba, na juu ya ubao tukagundisha vipande vya kandambili kuukuu, kwa sababu mpira ule humeza kelele. Bila kandambili, treni ndogo hunguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Kabla ya kutandika reli yenyewe nilikwenda kumwita babu. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi ya reli miaka ishirini na saba, na miaka kumi ya mwisho alikuwa nyapara wa genge. Genge ni lile kundi la watu waliopewa sehemu yao ya njia waitunze: kufyeka majani, kukaza skurubu, kushindilia kokoto, kutembea kila siku na nyundo wakiiangalia reli kama mama anavyomwangalia mtoto mwenye homa. Nilimwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," kisha akaingia stoo bila kusema neno. Hakuangalia injini. Alipiga magoti, akalaza shavu lake juu ya plaiwudi, akafumba jicho moja.

"Reli haiangaliwi toka juu," akasema. "Ukiiangalia toka juu yakudanganya. Lala nayo chini, itakwambia ukweli."

Alitufundisha mambo matatu, nami nayaandika hapa kwa faida ya atakayetaka kujaribu. Kwanza, kiungo cha reli kisiachwe katikati ya kona kikiwa kimelegea, maana hapo ndipo gurudumu hutoka. Tuliunganisha vipande vikiwa vimenyooka, tukavichomelea kwa risasi, ndipo tukavipinda polepole. Pili, kwenye kona, reli ya nje iinuliwe kidogo kuliko ya ndani, ili gari liegemee ndani kama mwendesha baiskeli. Sisi tuliingiza ukanda wa karatasi ngumu. Tatu, reli iachiwe nafasi ya kupumua. Stoo yetu ina paa la mabati, na mchana ni tanuri. Reli kama yetu ya mita 5 hurefuka kwa karibu milimita moja joto likipanda digrii kumi. Ikikosa nafasi, itajinyonga. Tukaacha mianya midogo, kila mmoja upana wa kadi ya posta, kwenye sehemu zilizonyooka. Na kwa vile mianya huweza kuukata umeme, tukaunganisha nyaya za ziada chini ya meza mahali panne.

Kokoto tulizipata kwa kuchekecha mchanga wa mtoni kwa chujio la chai. Mchanga wa ufukweni tuliukataa kwa sababu ya chumvi. Unaumwaga kati ya mataruma, unausawazisha kwa brashi, unaunyunyizia maji yaliyotiwa tone la sabuni, halafu unadondosha gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji. Sabuni ndiyo siri. Bila hiyo gundi hukaa juu kama umande na kokoto huogelea.

Hapo kwenye mataruma pana kisa. Mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili alikuwa ametupa sharti kwamba kila kitu kibandikwe jina lake kwa lugha yetu. Vile vipande vinavyolala chini ya reli sisi tulizoea kuviita "slipa". Kamusi ikatupa taruma. Babu akacheka. "Taruma? Hilo la jahazi hilo! Ule ubao ukazao chombo kisifunguke." Tuliporudi kwenye kamusi tukaona pande zote mbili zina haki: neno ni lilelile, limeshuka jahazini likapanda treni. Kazi yake ni ileile pia, kushika pande mbili zisiachane. Babu akaongeza kwamba mataruma yao yalikuwa ya chuma, kwa kuwa ya mbao huliwa na mchwa. Basi ya kwetu, ambayo ni ya plastiki, tukayapaka rangi ya kutu.

Ilipofika zamu ya mandhari, kila mtu akawa fundi. Milima tuliitengeneza kwa wavu wa kuku uliofunikwa magazeti yaliyoloweshwa katika uji wa unga wa ngano. Nyasi zilikuwa vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani, na pengine nyuzi za katani. Minazi ilikuwa waya uliozungushiwa karatasi ya kaki, makuti yake yakakatwa kwa makasi jani kwa jani. Mnazi mmoja ulichukua dakika arubaini, nasi tulitaka thelathini.

Kisha ugomvi ukazuka. Baadhi yetu walitaka tuonyeshe mwaka 1898 na simba wa Tsavo, kwa sababu simba huvutia watu, na huenda tukapata zawadi. Mimi nilipinga. Simba wale walikuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka Mazeras, na tena kila mtu anazijua habari zao. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ile, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na ajali. Simba waliwaua wachache tu, lakini simba ndio waliopewa sifa zote. Tulibishana hadi kengele ya chakula cha jioni.

Babu, aliyekuwa ameketi pembeni kwenye ndoo iliyofudikizwa, ndiye aliyeumaliza ugomvi. Aliuliza swali moja: "Hii njia mwaitengeneza nzuri. Genge langu mmelitia wapi?"

Tukanyamaza. Tulikuwa tumeweka minazi, daraja, stesheni, hata mbuzi wawili. Hatukuwa tumeacha nafasi hata ya inchi moja kwa watu wanaoitunza njia.

Siku iliyofuata tulipiga kura, na simba wakashindwa, tatu kwa mbili. Kando ya kitanzi tukajenga safu ya nyumba za genge: vyumba sita vya maboksi ya viberiti, paa la karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za majani ya chai, kamba ya kuanikia nguo, na shamba dogo la mihogo nyuma. Babu alituelekeza mlango wake ulivyoelekea. Mama yangu alizaliwa katika nyumba kama hiyo. Siku hizi, ukipita pale palipokuwa na nyumba ile ya kweli, utaona msingi na mpapai mmoja, basi.

Siku ya maonyesho injini ilivuta mabehewa matatu. Manne yaliishinda, ikazungusha magurudumu bila kusonga, kwani kona na mwinuko vikikutana huongeza uzito. Babu alisema hata garimoshi la kweli lina adabu hiyohiyo. Wageni walipiga makofi kila treni ilipovuka daraja. Yeye aliinama akalaza shavu mezani, akaitazama njia kwa muda mrefu, halafu akanishika bega. "Imelala vizuri," akasema. Katika maisha yangu ya shule sijapewa cheti kinachoishinda sentensi hiyo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Tangu siku ile ya makofi, mvua za masika zimepita, na unyevu umevimbisha plaiwudi upande wa dirishani. Panya wametafuna nusu ya mlima, maana uji wa ngano kwao ni chakula. Reli zisipofutwa hushika uchafu, umeme ukakatika, na treni ikasimama. Kila Ijumaa jioni mimi na wenzangu hufuta reli kwa kitambaa na spiriti, hukaza nyaya, na kuuziba mlima kwa gundi ya seremala, ambayo panya hawaipendi sana. Hakuna anayekuja kupiga makofi siku ya Ijumaa.

Lakini sisi ni watahiniwa, na baada ya mtihani tutaondoka. Stoo inatakiwa kwa ajili ya kuwekea madawati. Mwalimu Mkuu ametuambia waziwazi kwamba wakipatikana wanafunzi sita wa madarasa ya chini watakaoandikisha majina na kuitunza, meza itabaki na madawati yatatafutiwa mahali pengine. Wasipopatikana, itavunjwa likizo ijayo. Kufikia leo wamejiandikisha wawili.

Ndugu zangu mnaotufuata, sote tulipenda siku ya kutandika. Kutandika kuna sherehe, na hata reli kubwa zilizinduliwa kwa hotuba na bendera. Lakini reli hutandikwa mara moja, na hutunzwa kila siku. Barabara zetu, visima vyetu, maktaba yetu yenye vitabu vilivyochanika, vyote vilizinduliwa kwa shangwe. Kinachokosekana ni genge.

Nafasi nne zimebaki. Si lazima uwe hodari wa Fizikia. Njoo Ijumaa baada ya michezo, uje na kitambaa kikavu. Nyumba sita za genge ziko pale kando ya kitanzi, na vyumba vinne havina mtu.