Goma: Gari ya bashi iliyobadilishwa motere

Katika mtaa wa Mabanga Sud, mjini Goma, watoto wanaitambua gari ya mzee mmoja kwa sauti yake kabla haijakata kona. Ni Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978, ya rangi ya kijani iliyopauka. Haina paa la chuma. Juu yake kuna bashi tu, inayofungwa kwa kamba. Milango yake inatoka, na kioo cha mbele kinaweza kulazwa juu ya kapo. Jua likiwaka, mzee anaikunja bashi na kuifunga nyuma, na majirani wanasema gari imevua kofia.

Mzee huyo, ambaye sasa ana miaka 71, alikuwa shofa katika shamba moja la kahawa upande wa Rutshuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shamba lilifungwa, na wafanyakazi walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Yeye hakupewa pesa. Alipewa karatasi na funguo za gari aliyokuwa akiiendesha. Wakati huo watu walimcheka, kwa sababu mwenzake aliyechukua mifuko ya kahawa aliiuza siku ile ile.

Wakati wa vita ya 1996, alitoa magurudumu, batri na delko, akavificha katika nyumba tatu tofauti. Walioingia kutafuta magari waliitazama, wakaona ni chuma kilichokufa, wakaenda zao. Ndiyo maana gari ilibaki.

Motere yake ilikuwa ile ya kiwandani, aina ya 2F: silinda sita, lita 4,2, inayotumia esanse. Wanaoifahamu wanajua kuwa ni motere ya kazi, yenye nguvu na isiyoharibika haraka. Lakini inakula. Kwa hesabu ya mzee, katika njia mbaya ilimaliza lita 20 na zaidi kwa kilomita 100. Kwa mtu asiye na mshahara, gari kama hiyo hukaa zaidi kuliko inavyotembea.

Na tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilikuwa imekaa. Familia ilikuwa inaishi Birere, na gari ilikuwa imeegeshwa kwa ndugu yake, Keshero, tangi tupu. Asubuhi moshi wa Nyiragongo ulipoonekana, mzee alikwenda Keshero haraka. Alizunguka na bidoni kutoka kituo hadi kituo. Hakuna aliyetaka kuuza, au bei ilikuwa imepanda kupita uwezo wake. Alirudi Birere kwa miguu, mikono mitupu. Jioni moto wa volkano ukashuka mpaka katikati ya mji, ukagawanya Goma sehemu mbili, na nyumba yao ikafunikwa.

Walivuka mpaka kwenda Gisenyi pamoja na maelfu ya watu. Mama yake mzee, ambaye hakuweza tena kutembea, alibebwa mgongoni na vijana wawili kwa kupokezana. Walilala nje, na mvua iliwanyeshea. Mama huyo hakurudi Goma. Alizikwa upande ule.

Mzee hazungumzii sana siku zile. Watoto wake wanasema kwamba kitu kimoja tu alikirudia kwa miaka mingi: «Gari ilikuwa nzima. Ilikosa esanse tu.»

Kijana wake wa pili alijifunza ufundi wa magari akafungua garaji ndogo upande wa Ndosho. Kuanzia mwaka 2016 alianza kumwambia baba yake kwamba ile motere itolewe, iwekwe ya mazuti. Mzee alikataa. Kwake, gari iliyotolewa motere yake ni kama mtu aliyebadilishiwa jina. Kwa miaka mitatu neno hilo lilikuwa linaanzishwa na kuzimwa mezani.

Halafu, mwaka 2019, mgeni mmoja kutoka Ulaya, aliyekuwa akifanya kazi mjini, aliiona gari hiyo barabarani. Alimfuata mzee mpaka nyumbani, akalala chini ya gari na tochi, akasoma namba za shasi na za motere. Alisema kuwa huko kwao watu wanazitafuta gari hizi, zaidi zile ambazo bado zina motere waliyotoka nayo kiwandani. Aliahidi dola 9 000. Lakini kwa sharti moja: pasiguswe kitu.

Familia iliketi. Binti mkubwa, ambaye ni mwalimu, alisema wazi kwamba gari iuzwe. Mdogo wao wa mwisho alikuwa amemaliza sekondari na alikuwa anangoja pesa za kuingia chuo kikuu. Paa la nyumba lilikuwa linavuja. «Papa, chuma hii haitulishe,» alisema. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kweli.

Mzee alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimwita fundi, akamwambia atafute motere ya mazuti. Kwa binti yake alisema hivi tu: «Ule muzungu anataka gari ya kuangalia. Mimi nataka gari ya kutoka nayo.» Binti aliondoka bila kuaga. Mdogo wao alipoteza mwaka mzima wa masomo, na katika familia hiyo jambo hilo halijasahauliwa.

Motere waliyoipata ni aina ya 3B, ya Toyota pia, silinda nne, lita 3,4. Ilitoka katika Land Cruiser nyingine iliyoanguka kwenye njia ya Rutshuru. Bei ilikuwa dola 2 800, pamoja na boiti ya vitesi. Sehemu moja ililipwa na ng'ombe aliyeuzwa Masisi, na nyingine na likelemba ya mama wa nyumba, aliyetoa zamu yake bila kumwambia mtu.

Kazi ilichukua wiki saba. Fundi anaeleza kwamba kosa la wengi ni kununua motere peke yake. Motere ya esanse na ya mazuti hazifungwi kwa boiti kwa namna moja, kwa hiyo ni afadhali kuchukua motere na boiti yake kutoka gari ile ile. Miguu ya kushikilia motere nayo haikai mahali pamoja kwenye shasi. Walipima, wakakata, wakachomelea upya. Tangi lilishushwa na kuoshwa, kwa sababu uchafu na kutu ya miaka 40 vingeharibu pompe ya mazuti. Waliongeza pia bomba la kurudisha mazuti tangini. Bujii na delko havikuhitajika tena.

Siku ya kwanza ya kuijaribu, karibu waue watu. Walipanda mlima Goma vizuri. Wakati wa kushuka, fundi alikanyaga breki, na pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Alikanyaga kwa miguu miwili, akarudisha vitesi ya kwanza, gari ikasimama kwenye ukingo wa mtaro. Mzee alikuwa ameketi pembeni. Hakusema neno, alishuka akarudi nyumbani kwa miguu.

Usiku ule fundi hakulala. Asubuhi aligundua sababu. Motere ya esanse, inapovuta hewa, inaacha mvuto ambao unasaidia breki. Motere ya mazuti haina mvuto huo. Kwa hiyo 3B ina pompe ndogo nyuma ya alternateri yake, inayofanya kazi hiyo. Alternateri ya awali ilikuwa imeungua, naye alikuwa ameweka nyingine ya kawaida, isiyo na pompe. Ilimbidi kutafuta sokoni Birere wiki mbili nzima kabla ya kupata ile inayotakiwa. Leo, kila mteja anayemletea gari ya kubadilisha motere, swali lake la kwanza ni hilo: breki itasaidiwa na nini?

Gari iliporudi, haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa nzito kuondoka, yenye kelele, na asubuhi za baridi ni lazima kungoja kidogo mpaka motere ipate moto kabla ya kuiwasha. Haipiti mtu barabarani. Lakini inavuta, na kwa hesabu ya fundi inatumia lita 12 au 13 pale ilipokuwa ikitumia 20. Mzee aliweka sheria nyumbani: tangi lisishuke chini ya nusu, hata kama hakuna chumvi.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ilipasuka tena. Moto ulishuka mpaka Buhene, karibu na mji, ukasimama pale. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, na kuta zikapasuka. Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 27, viongozi walitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iondoke. Mabanga Sud ilikuwa ndani ya hesabu.

Mzee aliwasha gari kabla ya mapambazuko. Alifungua bashi, kwa sababu gari isiyo na paa inapakia kwenda juu. Magodoro yalisimamishwa nyuma, na kati ya magodoro waliketi watu 13: wazee wanne, mama mmoja aliyekuwa amejifungua siku sita kabla, watoto, na jirani mwenye mguu wa kuvunjika. Wenye nguvu walitembea pembeni. Njia ya Sake ilikuwa imejaa: magari, pikipiki, chukudu, mbuzi, watu wenye mizigo kichwani. Safari ya kilomita zisizofika 30 ilichukua saa saba. Motere ilinguruma polepole muda wote bila kuzimika. Pale Mugunga walipita gari kadhaa zilizoishiwa esanse, zikisukumwa kando.

Sake ilikuwa imejaa pia. Shule na makanisa yalikuwa yamefurika. Mvua ilianza usiku. Fundi alishusha bashi, akaifunga kati ya gari na mti, na chini yake walilala watu wa familia tano. Binti mkubwa alikuwa mmoja wao, na watoto wake wawili. Kesho yake fundi alirudi Goma mara moja, kuchukua wagonjwa wengine watatu wa mtaa, kwa mazuti yaliyobaki.

Katika familia hiyo hakuna aliyesema kwamba baba alikuwa na haki, na hakuna aliyesema kwamba alikosea. Mdogo wao aliingia chuo kikuu mwaka uliofuata ule wa kwanza, kwa mkopo ambao bado wanaulipa. Dada yake ndiye anayelipa sehemu kubwa. Siku moja alisema mbele ya wote: «Kama tungeuza, ningekuwa nimelala wapi ile usiku? Lakini deni nayo iko.» Mzee aliitika kwa kichwa.

Motere ya zamani, 2F, bado iko uani, juu ya mbao mbili, imefunikwa na gunia na bati. Kila mwezi mzee anatia oili kidogo ndani ya silinda na kuizungusha kwa mkono isikamatane. Yule mgeni wa Ulaya aliandika tena, akiuliza kama motere ipo na kama inaweza kurudishwa mahali pake. Barua hiyo imewekwa ndani ya Biblia. Bado haijajibiwa.

Fundi anawaambia wanaomwuliza mambo manne. Chukua motere pamoja na boiti yake. Osha tangi. Hakikisha breki kabla ya kupanda mlima wowote. Na namba ya motere mpya iandikwe kwenye karatasi za gari mapema, maana askari wa barabarani wataifungua kapo siku ile hasa unapokuwa na haraka.

Bashi ile ilipasuka pale Sake, mahali kamba ilipofungwa kwenye mti. Walirudi nayo Goma mwanzo wa mwezi wa sita, ikashonwa kwa uzi wa nyavu, lakini ikaendelea kupasuka. Mwishowe walinunua nyingine. Ile ya zamani waliikata mbavu zilizooza na kumpa mama mmoja wa Buhene, ambaye nyumba yake iko chini ya mawe ya volkano. Ameitandika juu ya jiko lake la mbao. Sehemu iliyoshonwa iko upande wa mlango, na mvua ikinyesha anaweka sufuria hapo.