Chenji Niliyoirudisha

Katika stoo ya msikiti wetu hapa Tukuyu pana kofia ngumu nyekundu iliyopasuka ubavuni. Kamati iliamua isitupwe. Kila tunapotoka kwenda kununua kitu, mimi katibu huitazama kwanza, kwa kuwa niliyeinunua ni mimi.

Ustadhi wetu wa madrasa hutumia pikipiki ya msikiti kuwafikia watoto wa vijiji vya upande wa Masoko. Anayeijua Rungwe anazijua njia zetu: miteremko, kona, udongo unaoteleza, na mvua isiyochoka. Kamati iliponikabidhi fedha za kumnunulia ustadhi kofia ngumu, nilikwenda dukani, nikauliza bei, nikachukua iliyokuwa rahisi kuliko zote. Nilipoijaribu ilinicheza kichwani. Sikujali, maana kichwa kitakachoivaa hakikuwa changu. Nikarudi na chenji, nikaiandika daftarini, na wazee wakanisifu kwa kuchunga mali ya msikiti.

Asubuhi moja ya ukungu ustadhi aliteleza konani. Mkanda alikuwa ameufunga, lakini kofia ilikuwa kubwa mno. Ilimvuka kichwani kabla hajafika chini. Ikapasukia kwenye jiwe, na kichwa chake kikaangukia jiwe jingine. Alilazwa hospitalini majuma mawili. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu alipona, ila sikio lake la kushoto halisikii tena vizuri. Watoto wamekwishazoea: anayekwenda kumsomea hukaa upande wa kulia.

Nilipomwendea kumtaka radhi, aliniambia ni qadari. Naam, ni qadari, lakini chenji ile niliirudisha kwa mkono wangu. Chuoni nilifundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia Makka mwaka wa 8 Hijria akiwa na kofia ya chuma kichwani, naye ndiye mwenye kutawakali kuliko sote. Swali hilo nililijibu vyema katika mtihani, dukani nililisahau.

Tangu siku ile nimeuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, itazame hatari yenyewe. Mwaka jana vijana wetu waliomba kuazima kofia za mafundi, zile za ujenzi wa msikiti, ili wapande nazo Mlima Rungwe wenye mita 2,960. Niliwakatalia, wakanishangaa. Kofia ya fundi imekusudiwa kumkinga na kitu kidondokacho kutoka juu. Kwa kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 397, mkanda wake hutakiwa uachie ukivutwa kwa nguvu ya kama kilo 15 hadi 25, ili fundi akinaswa asinyongwe. Ya mpanda miamba, kwa kipimo cha EN 12492, mkanda wake lazima ustahimili nguvu ya kama kilo 50, kwa sababu aangukaye mwambani huweza kugonga mara ya pili na ya tatu, na kofia iliyomtoka haimfai kitu. Ya pikipiki ni nzito zaidi, kwa kuwa imeundwa kwa ajili ya mwendo kasi; ile inayofunika na kidevu humhifadhi zaidi mvaaji. Basi kofia ya fundi haitoshi juu ya bodaboda, wala ya pikipiki haikuundwa kwa kupandia mlima.

Pili, kipime kichwa. Zungusha utepe wa fundi cherehani juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, upate sentimita, kisha uzilinganishe na namba iliyoandikwa ndani ya kofia. Ivae, ufunge mkanda, vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Ishike kwa nyuma, uisukume mbele na juu. Ikikutoka, iache dukani, hata wakikupunguzia bei.

Tatu, chungulia ndani. Chini ya kitambaa pawe na povu gumu, mfano wa lile linalofungiwa televisheni mpya. Povu hilo ndilo linalobonyea ili ubongo usipokee kishindo chote, nalo likishabonyea halirudi. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata ajali haivaliwi tena, japo kwa nje yang'aa. Ganda tupu lenye sifongo laini ni pambo tu. Kofia bora za pikipiki huwa na kitambulisho kilichoshonwa mkandani, chenye herufi E ndani ya duara. Lakini kitambulisho huweza kughushiwa, kwa hiyo tazama povu pia. Wala usiisafishe kwa petroli, kwani petroli huliharibu.

Nne, yaangalie mavazi yetu. Baraghashia ndani ya kofia ngumu huifanya ikae juu juu. Iweke mfukoni mpaka ufike. Dada zetu na wavae chini yake kitambaa chepesi kisicho na fundo kisogoni wala pini, kwa sababu fundo huiinua kofia na pini huweza kuchoma. Na mtoto asinunuliwe kubwa ati atakua nayo, kama tufanyavyo kwa sare za shule.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008, yaliyokusanya tafiti nyingi, yalionyesha kuwa kofia ngumu humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Hiyo ni kofia iliyobaki kichwani.

Mara ya pili nilikwenda dukani pamoja na ustadhi mwenyewe. Tulijaribu kofia tano. Ile iliyomkaa ilikuwa ghali zaidi ya mara tatu ya ile nyekundu, na sikurudi na chenji. Kikaoni mzee mmoja aliuliza mbona fedha yote imekwisha. Ustadhi akageuza sikio la kulia ili alisikie swali. Mzee hakungoja jibu. Akaomba tuendelee na ajenda nyingine.

Ndugu msomaji, kabla ya kulala usiku huu ichukue kofia ngumu iliyomo nyumbani mwako. Mvalishe mwenyewe, mfunge mkanda, kisha isukume kutoka nyuma. Ikimtoka, haikuwa yake.