Mama Kulwa wa Masaka: Kwenda Kusoma Ugenini, Sikonge

Ukitoka Tabora mjini kwa basi kuelekea kusini, unafika Sikonge baada ya mwendo wa kilomita 70 hivi. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Siku hizi lami imepita hapa na kuendelea hadi Mpanda. Njiani ni msitu wa miyombo, na kando ya barabara watu huuza asali katika chupa na madumu. Kisha unaona miembe mikubwa, soko, ofisi za wilaya, kanisa na hospitali. Mji wetu ni mdogo. Mgeni akishuka kwenye basi saa nane mchana, ikifika saa kumi watu wengi wanajua amefikia kwa nani.

Mpenzi msomaji, huenda binti yako, au wewe mwenyewe, mtapata nafasi ya kusoma mbali na nyumbani. Mara nyingi tunafikiria miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Lakini wapo wanafunzi wanaovuka mpaka mmoja tu na kujikuta katika mji mdogo kama huu wetu. Tunapenda kuwasimulia habari za mmoja wao, mama wa Kiganda kutoka Masaka, Uganda, aliyefika kwetu Januari 2019 kufanya utafiti wa shahada ya pili. Jina lake hatulitaji, kama alivyotuomba.

Nchi iliyozoea wageni

Unyamwezi si nchi ngeni kwa wageni. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na wasafiri walikaa hapo miezi mingi. Burton na Speke walifika Novemba 1857. Livingstone, baada ya kuagana na Stanley Machi 1872, alibaki Kwihara karibu na Tabora kwa miezi mitano akingoja wapagazi, ndipo akaondoka Agosti mwaka huo.

Wanyamwezi nao walikuwa wageni kwa watu wengine. Walibeba pembe za ndovu na mizigo mingine hadi pwani, na baadhi yao walifuatana na wake zao, waliobeba vyungu na chakula. Mtu aliyelala katika kijiji asichokijua alihitaji mahali pa kuulizia maji na pa kuzikwa akifa. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani, kama Wazaramo, ulikua katika safari hizo. Mtani anaweza kukutukana ukacheka, lakini kwenye msiba ndiye anayeshika kazi.

Wamoraviani walipokea kazi ya misheni Urambo mwaka 1898, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakafungua kituo Sikonge. Hivyo wauguzi, walimu na waganga kutoka nchi za mbali si kitu kigeni machoni petu. Hata hivyo, kuzoea wageni ni jambo moja, na kumpokea mama aliyekuja peke yake ni jambo jingine.

Barua na chumba

Mtafiti kutoka nje hawezi kushuka tu na kuanza kuuliza watu maswali. Kwanza apate kibali cha utafiti cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na taratibu za Uhamiaji zikamilike. Kisha barua hushuka kutoka mkoani kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda kata, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Mgeni wetu alizunguka na bahasha yake kwa siku nyingi. Alikuja kuona faida yake baadaye, kwani kila alipopiga hodi, mwenyekiti alikuwa ameshawaambia watu.

Alipanga chumba kimoja kwa mama mjane karibu na soko. Tulimsaidia kununua ndoo mbili, jiko la mkaa, godoro na chandarua chenye dawa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Siku moja alisema amefumba viazi. Sisi tukadhani amevifungia mahali, kumbe kwao kufumba ni kupika. Lakini jambo moja alikuja nalo tayari: kupiga goti anapowasalimu wazee, kama wanawake wa Kiganda wafanyavyo. Hapa pia ndivyo ilivyo. Alipojifunza kusema "mwangaluka" asubuhi, wazee walimwitikia kwa furaha.

"Watoto wake kawaachia nani?"

Utafiti wake ulihusu chakula cha watoto wanaoachishwa ziwa katika nyumba za wakulima wa tumbaku. Ni jambo linalotugusa sisi wauguzi. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Lakini miezi ya kuvuna na kukausha tumbaku, mama hutoka alfajiri na kurudi jioni, na uji wa mtoto huachiwa dada yake mwenye miaka saba au minane.

Tatizo lilikuwa kwamba akina mama aliokwenda kuwauliza nao walikuwa na swali lao. Wewe unayetuuliza habari za watoto wetu, wa kwako wako wapi? Alipojibu kwamba wako Masaka kwa bibi yao, na mume yuko kazini Kampala, wengine walinyamaza, wengine walinong'ona. Hata katika kikundi chetu cha kanisa tuligawanyika. Baadhi yetu tulisema mama wa watoto wa miaka miwili na nusu hana safari. Wengine tulisema mbona baba akienda kusoma hakuna anayemuuliza.

Yeye mwenyewe alikuwa akiliuliza swali hilo hilo kila usiku. Mama mkwe alimpigia simu kumwambia arudi. Jumapili jioni alizungumza na watoto, na baada ya hapo hakula.

Homa ya juma la tatu

Katika juma la tatu alishikwa na homa. Alinunua vidonge dukani, akameza viwili, akajisikia nafuu, akaacha. Siku ya tatu mwenye nyumba alimkuta anatetemeka, na begi lake limefungwa tayari. Alikuwa amekata shauri kurudi kwao.

Kipimo kilionyesha malaria. Akina mama, tunarudia tena: homa ipimwe kwanza, na dawa ya mseto imezwe yote, mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula, hata kama mgonjwa anajisikia amepona siku ya pili. Wanaoingia porini upande wa Ugalla wakumbuke pia mbung'o, maana wanaweza kuleta malale.

Siku hizo tulipeana zamu. Mmoja alileta uji, mwingine mlenda na ugali, mwingine alikaa tu. Ajuza mmoja jirani alikuja na matobolwa kwenye ungo, akakaa, akamuuliza watoto wake ni wangapi na wanaitwa nani. Mgonjwa akajibu ni mapacha wa kike, Babirye na Nakato. Yule ajuza akapiga makofi. "Mama wa mapacha! Mbona hukusema? Sisi huku ni Kulwa na Doto." Kwao Masaka aliitwa Nnalongo, jina la heshima la mama wa mapacha. Tangu siku hiyo mji mzima ulimwita Mama Kulwa.

Begi lilifunguliwa. Alipopata nguvu alikwenda mashambani, lakini hakuanza na karatasi zake. Alikaa na akina mama kwenye kivuli akafunga majani ya tumbaku kwenye fito, na mazungumzo yakaja yenyewe. Palipotokea msiba alikwenda kulala msibani na kuchota maji. Wakamweleza mambo ambayo hata sisi wauguzi hatukuwahi kuelezwa kliniki.

Gharama yake

Hatupendi kumdanganya msomaji. Alikaa nasi miezi minane, akamaliza kazi yake, na baadaye akapata shahada yake. Lakini alitueleza kwa simu kwamba aliporudi Masaka, Kulwa alimkimbilia, Doto akajificha nyuma ya bibi yake. Ilichukua majuma mawili mtoto huyo kukubali kulala naye. Alilia alipotueleza, na sisi tuliokuwa upande huu tulilia.

Katika kikundi chetu wapo wanaosema gharama hiyo ni kubwa mno. Wapo wanaosema mapacha hao watasoma kwa sababu mama yao alisoma. Sisi hatuamui kwa niaba ya nyumba ya mtu. Tunachosema ni kwamba mama asiende kabla hajakubaliana na mumewe na mlezi wa watoto kwa maneno ya wazi: nani atawapeleka hospitali, fedha zitatumwa lini, na mama atakuja kuwaona baada ya miezi mingapi. Aache nguo yake moja ambayo watoto wataifahamu, na simu iwe na saa yake isiyobadilika.

Akifika ugenini, asalimie kwanza kabla ya kuuliza. Aende kanisani au mahali popote ambapo wanawake hukusanyika, aingie kwenye zamu ya kupika na kufagia, na asikose misiba. Aseme mapema kwamba ana watoto na awataje majina.

Nasi tulio wenyeji tunayo sehemu yetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpeni jembe, lakini mulizeni pia majina ya watoto wake.