Paa la mwerezi kwa mdogo wangu



Tangu nirudi Bukavu, wengi mmeniuliza niliona nini Marekani kwa mwezi ule niliokaa kwa mdogo wangu. Mlitaka habari za maduka na magorofa. Mimi nitawapa habari za paa la nyumba, maana ndilo lililotushughulisha kule, na ndilo nililorudi nalo kichwani.

Mdogo wangu anakaa na bwana yake na watoto wanne katika jimbo la Washington, kusini mwa mji wa Seattle. Wakongo si wachache huko, wengi wao walipitia kambi za wakimbizi. Ukiingia kanisani Jumapili unasikia Kiswahili chetu kama uko Kadutu. Siku mbingu ikiwa safi unaona mlima Rainier, wenye mita 4,392, umevaa theluji hata mwezi wa saba. Nao ni volkano, kama Nyiragongo yetu.

Nyumba yao waliinunua kwa deni, na ni ya zamani. Juu yake hakuna mabati. Paa lote ni vigae vya mbao ya mwerezi, vyembamba, vimepangwa kama magamba ya samaki. Si mwerezi ule wa Lebanoni ambao Sulemani aliujengea hekalu. Ni mti mwingine wa huko, lakini watu wameupa jina hilo hilo. Mbao yake ina mafuta yenye harufu nzuri, na mafuta hayo ndiyo yanayoizuia kuoza haraka. Ikiwa mpya ni nyekundu-nyekundu. Jua na mvua vinaigeuza kuwa ya kijivu. Paa kama hilo likitunzwa linaweza kukaa miaka 20 hadi 30, pengine zaidi.

Adui wake ni unyevu usioondoka. Kule mvua inaanza mwezi wa kumi na kuendelea hadi masika yao, nyepesi lakini ya kila siku. Upande wa paa usiopata jua unaota kuvumwani, yale majani madogo ya kijani, laini kama zulia, tunayoyaona juu ya mawe ya mtoni. Kuvumwani inashika maji kama sifongo. Mbao haipati nafasi ya kukauka, nayo inaanza kuoza.

Mwaka wa kwanza mdogo wangu hakujua hayo. Mtu mmoja alipita akigonga milango, akasema atasafisha paa kwa asubuhi moja. Alileta mashine ya kurusha maji kwa nguvu. Saa sita mchana upande wa mbele ulikuwa unang'aa kama mpya, wakamlipa kwa furaha. Mvua ziliporudi, maji yalianza kudondoka juu ya kitanda cha watoto.

“Yaya,” aliniambia, “tulilipa pesa ili tuharibiwe nyumba.”

Jirani yao, bibi mzee anayeishi peke yake chini ya paa kama hilo, ndiye aliyewaeleza. Maji ya nguvu yanachubua mbao. Ule mng'ao ulikuwa mbao mpya iliyofunuliwa kwa sababu ngozi ya juu imeondolewa, na kigae ambacho tayari ni chembamba kikawa chembamba zaidi. Tena maji yale yalisukumwa chini ya vigae, yakainua vingine na kupasua vingine.

Mimi nilifika wakati wa kusafisha upande wa nyuma, na safari hii bibi ndiye alikuwa mwalimu. Walingoja siku kavu, maana mwerezi uliolowa unateleza kama sabuni. Shemeji alijifunga kamba, kijana wao mkubwa akashika ngazi. Kwanza walikata matawi ya mti yaliyolala juu ya paa, ili jua na upepo vifike. Kisha shemeji akafagia majani makavu kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini. Alitoa pia takataka zilizojaa katika nafasi ndogo kati ya kigae na kigae. Nafasi hizo zimeachwa makusudi, kwa sababu mbao inavimba ikilowa na maji yanahitaji njia.

Baadaye walipaka dawa ya unga inayotoa oksijeni, iliyokorogwa katika maji. Nilipouliza kwa nini wasitumie javeli, bibi alikataa kwa mikono miwili: javeli inadhoofisha mbao, na maji yake yanaua maua yaliyo chini. Dawa haikuachwa ikauke. Waliiosha kwa mpira wa bustani, maji ya kawaida yakielekea chini, kamwe yasielekee juu. Vigae vilivyopasuka walivibadilisha, wakitumia misumari isiyoshika kutu, kwa sababu maji ya mwerezi yanakula chuma cha kawaida.

Kazi ilichukua siku tatu. Paa halikung'aa. Lilibaki la kijivu, lakini safi na zima.

Mwisho walipigilia kipande kirefu cha zinki karibu na kilele. Mvua ikipita juu yake inachukua zinki kidogo sana na kuishusha juu ya paa, na kuvumwani haipendi zinki. Ndiyo maana bibi alitukataza kukinga maji ya paa hilo kwa kunywa au kupikia.

Wamama, hapo ndipo nilipofikiri mabati yetu. Zinki hiyo ndiyo iliyopakwa juu ya mabati ili yasishike kutu haraka. Wangapi kati yetu tumetuma vijana wapande juu kusugua kutu kwa mchanga au brashi ya chuma? Bati linang'aa siku ile, lakini zinki imeondoka, na baada ya misimu michache kutu imerudi na tundu lake. Ni ile ile hasara ya mdogo wangu. Bati lisilo na kutu linataka kufagiwa tu kwa ufagio laini. Likishaanza kutu, isuguliwe sehemu ile peke yake, na ipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Majani yanayooza juu ya bati au katika mfereji yanashika maji vilevile, na bati linaoza chini yake bila sisi kuona. Na sisi maji hayo tunayakinga kwa matumizi ya nyumbani. Basi mifereji isafishwe kabla ya mvua, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaende na vumbi lake.

Mvua za mwezi wa tisa ziko karibu. Naleta shauri kwa mkutano wetu: tutoe pesa katika mfuko wa jamii wa AVEC yetu, tununue ngazi moja imara na kamba, viwe vya wote. Wajane wetu wanakodi ngazi kila mwaka, au kijana anapanda juu ya pipa na meza. Tuanze na nyumba zao. Anayepanda apande siku kavu, na mwingine abaki chini akishika ngazi.

Mdogo wangu anawasalimu sana. Upande wa mbele wa paa bado wanauwekea akiba.